Nyumba ya Misafara ya Bagamoyo

Nyumba nyingi hujengwa ili watu wakae. Chache hujengwa ili watu wapite. Nyumba za namna hii ya pili huishi kwa njia inayozifikia, na njia ikihama nyumba hufa, hata kama kuta zake zingali zimesimama. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za nyumba moja ya namna hiyo, iliyoko Bagamoyo, pembezoni mwa Mji Mkongwe, ambayo vitabu huiita Karavanserai. Neno hilo asili yake ni Uajemi: karavani ni msafara, na sarai ni jumba. Sisi tutaiita Nyumba ya Misafara, maana ndivyo ilivyokuwa. Hapo wapagazi waliotoka bara walitua mizigo, wakapika, wakalala, wakangoja ujira wao. Na wengine wakautumia ujira huo wote kabla jua la pili halijachwa.

Tulifika hapo mara ya kwanza tungali vijana wa sekondari. Mwalimu aliyetuongoza alituonyesha Boma la Wajerumani, akatuonyesha kanisa la kale la Misheni na mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, akatueleza mambo mengi kwa ufasaha. Tulipofika kwenye Nyumba ya Misafara alisema neno moja tu, kwamba hapo watumwa walifungwa, kisha tukateremka pwani kula embe. Hatumlaumu, kwani alitupa kile alichopewa. Lakini neno lile moja tulilibeba miaka mingi, na ilitubidi kusoma na kuuliza sana ndipo tulipong'amua kuwa lilikuwa nusu ya habari, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Bagamoyo umeelekeana na Unguja, yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa njia ndefu iliyokwenda Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Kutoka pwani hadi Tabora pekee msafara ulichukua kiasi cha miezi mitatu, na kama mvua zilikuwa kubwa au njaa imeingia Ugogo, zaidi ya hapo. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Kutoka pwani zilikwenda nguo za merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na nyaya za shaba. Yote hayo yalibebwa na wanadamu, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, na barabara ya gari haikuwapo.

Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, ambazo ni kilo 30 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake, silaha yake na posho yake. Walio wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, ingawa watu wa pwani nao walishika kazi hiyo. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa mavazi yaliyomtofautisha na wenzake, bendera mkononi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake walifuata wenye pembe, kisha wenye nguo na shanga. Pamoja nao walikwenda wanawake, wengine wakiwa wake za wapagazi, wakibeba vyombo, wakipika na kulea watoto njiani. Jioni wapagazi walijigawa katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake.

Watu hawa hawakuwa watumwa. Yafaa neno hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa. Walikuwepo watumwa waliopitishwa katika njia ile ile, wamefungwa minyororo, wakaingizwa majahazini kwenda Unguja. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na hata baada ya hapo biashara ile haramu haikukoma mara moja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Historia hiyo ni ya kweli, na mtu asithubutu kuipunguza. Lakini wengi mno kati ya watu waliotua mizigo Bagamoyo walikuja kwa hiari yao, kwa mapatano ya ujira. Walijua thamani ya kazi yao. Bwana wa msafara aliyepunguza posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wapagazi hawapo. Aliyezidisha ukali alikuta wameketi, hawataki kuondoka mpaka maneno yatengenezwe. Tukisema kwamba migomo ya wafanyakazi katika nchi yetu ilianza njiani kabla haijaanza bandarini na relini, sidhani kama tutakuwa tumekosea sana.

Na jina lenyewe la mji? Wako wanaolitafsiri kuwa ni kubwaga moyo, kwa maana ya mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari. Wako wanaosema ni moyo wa mpagazi uliotua, uliopumzika, baada ya safari ya miezi. Mabishano haya ni ya siku nyingi, na wenyeji wa Bagamoyo hawayachoki. Sisi tunaona kwamba mji uliopokea wapagazi makumi kwa maelfu kila mwaka haukuweza kukosa maana ya pili, hata kama ya kwanza nayo iliongezwa na wale waliokuwa na sababu ya kuiongeza.

Mpagazi alipofika hakuwa mgeni kabisa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wazee wengi husema kwamba utani huo ulifungwa na misafara. Mtani alikuwa na haki ya kuingia shambani kwa mtani wake na kuchukua chakula, huku akimtukana, wala pasiwe na kesi. Mpagazi akifa ugenini, mtani ndiye aliyemzika. Tunawaomba walimu walieleze jambo hili kwa wanafunzi wao, kwani vijana wa leo huuona utani kama mchezo wa maneno kwenye harusi na matanga. Ulikuwa sheria ya njia, na ulifanya kazi ambayo leo hufanywa na gesti, bima na hospitali kwa pamoja.

Nyumba ya Misafara iliongezeka juu ya ukarimu huo. Kama sarai zote zilivyo, ilikuwa uwanja uliozungukwa na mahali pa kulala na pa kuwekea mizigo, watu wakalala karibu na mali na mali ikawa mbele ya macho ya mwenyewe. Wajerumani walipoushika mji, baada ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, mpango wa namna hiyo uliwafaa pia kwa sababu zao wenyewe: walipenda wapagazi wakusanywe mahali pamoja, waweze kuhesabiwa na kuangaliwa. Mtawala yeyote humwogopa mtu ambaye hajui amelala wapi. Kuzunguka mahali hapo palikuwa na biashara ya kila namna, vyakula, tembo la mnazi, nguo za kurudi nazo nyumbani, na usiku ngoma. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa kulalamika juu ya kelele hizo. Sisi twashukuru kwamba walilalamika, maana bila malalamiko yao tusingejua kulikuwa na ngoma.

Katika mji huo alikaa Sewa Haji, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, aliyewapatia wasafiri wapagazi na bidhaa za njiani. Alijitajirisha kwa mabega ya watu, hilo halifichiki. Lakini alipofariki mwaka 1897 aliacha fedha na majengo kwa ajili ya wagonjwa na wanafunzi, na hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam ndiyo mzazi wa Muhimbili ya leo. Anayelazwa katika jengo la Sewahaji hapo Muhimbili analala, kwa namna fulani, juu ya ujira wa misafara ya Bagamoyo.

Kisha njia ikahama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya serikali yao Dar es Salaam, kwa kuwa pwani ya Bagamoyo ina maji mafupi, majahazi hulala juu ya mchanga maji yakitoka, na meli kubwa haziwezi kusogea. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika Ziwa Nyanza na kuvuta biashara ya upande huo. Mwaka 1905 ilianzwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi moja lilibeba kwa siku chache mzigo uliohitaji mamia ya watu kwa miezi. Hakuna aliyeivunja Nyumba ya Misafara wala kuichoma moto. Haikuja tu asubuhi ambayo kirangozi alionekana tena kwenye njia ya magharibi.

Wapagazi wenyewe hawakustarehe. Vita vya kwanza vya dunia viliwaita tena, safari hii kwa nguvu, kwa upande wa Wajerumani na kwa upande wa Waingereza pia. Walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa uchovu, wengi kupita askari waliokufa kwa risasi. Jeshi lao la wachukuzi limetuachia jina la Kariakoo, ambalo leo mnunuzi wa vitunguu hulitamka bila kuwakumbuka. Katikati ya Dar es Salaam imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wachukuzi pamoja na wapiganaji. Lakini aliyesimama juu, kwa shaba, na bunduki yake, ni askari. Mchukuzi yumo katika maandishi, na maandishi hayasomwi na wapita njia. Twataja jambo hili kwa sababu linaonyesha jinsi mtu huyu alivyozoeleka kuwekwa chini.

Nyumba isiyokuwa na wageni hupata matumizi mengine, na matumizi mengine hayaijali. Huwa stoo, huwa makazi ya muda, huwa machimbo ya mawe kwa jirani anayejenga. Ila yafaa msomaji aelewe jinsi nyumba ya mawe ya pwani inavyokufa, kwa maana watu hudhani jiwe ni la milele. Kuta zake ni matumbawe na udongo na chokaa. Dari na sakafu za juu hushikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ukuta kama huo hupumua: hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa huoshwa, vichwa vya boriti huoza pale vinapoingia ukutani, na siku moja sakafu huanguka pasipo taarifa.

Ubaya mwingine huletwa na wenye nia njema. Fundi huitwa, huona ufa, huukandika saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ukuta uliotengenezwa hivyo huharibika upesi kuliko ulioachwa. Tumeona nyumba za pwani zikitengenezwa mpaka zikaanguka. Dawa ni chokaa, iliyochomwa kwenye tanuri la magogo na matumbawe kama walivyochoma wazee, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni kwa muda wa kutosha. Ni kazi ya uvumilivu, nao uvumilivu hauna fungu katika makadirio ya fedha ya mwaka. Hilo twalijua kwa kuwa tumeyaandika makadirio hayo kwa mkono wetu.

Anayedhani twatia chumvi na atazame ng'ambo ya bahari. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya Mji Mkongwe uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mnamo tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake kubwa ya mbele ilianguka, kazi ya matengenezo ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilianza kuonyesha nyufa na kumomonyoka miaka mingi kabla ya siku hiyo. Kwa upande mwingine, hatua chache kutoka hapo lipo jengo la Zahanati ya Kale, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa na Tharia Topan mwaka 1887. Lilichakaa vibaya nalo, lakini katika miaka ya 1990 lilitengenezwa kwa subira na kwa mafundi waliofundishwa kazi ya zamani, na lingali limesimama. Bahari ni ile ile na chumvi ni ile ile.

Kwa Bagamoyo mambo hayakuachwa kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ipo, ingawa ina ajabu zake: huyahesabu kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, jengo lililokuja baada ya 1863 hungoja waziri alitangaze. Hivyo mlango waweza kulindwa kabla ya nyumba inayoushika. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba katika Nyumba ya Misafara, na kitabu cha matokeo ya kazi yao kilitolewa mwaka 2004. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia nzima ya kati, kuanzia Bagamoyo, kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, mpaka Ujiji, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Jina lililotumika ni njia ya watumwa na pembe. Mpagazi, aliyeikanyaga njia hiyo mpaka ikawa njia, hayumo katika jina.

Hapo ndipo penye shauri letu. Kuta zaweza kutengenezwa, na sehemu imetengenezwa. Mgeni aingiaye sasa huelezwa habari za misafara. Lakini ukirudisha ukuta bila kumrudisha aliyelala chini yake, umerudisha lipu. Mwalimu mmoja wa shule ya kata alituuliza, kwa adabu lakini kwa mkazo, kwa nini serikali ihangaike na kambi ya wapagazi wakati wanafunzi wake wanakaa sakafuni. Swali lake ni la haki na hatukulijibu upesi. Tulimwambia hatimaye kwamba wanafunzi wake wanasema Kiswahili huko bara, na lugha hiyo haikuletwa na gari moshi. Ilipanda na misafara na ikashuka nayo, kambi kwa kambi, kabla ya shule na kabla ya serikali. Tukampa maneno machache ya kuwapa wanafunzi. Posho, ambayo sasa wabunge huidai, ilikuwa chakula cha mpagazi. Hongo lilikuwa ushuru halali uliotolewa kwa mtemi ili msafara upite nchini mwake. Angalia leo limekuwa neno la aibu. Safari yenyewe imekwenda ulimwenguni kote. Mwalimu alicheka, akasema madawati bado anayataka. Nasi twasema apewe.

Tunachelea pia aina ya ufufuo ambao ungeifanya nyumba hii hoteli ya wenye fedha, mpagazi akachorwa ukutani na mjukuu wake akazuiwa mlangoni. Kuliko hivyo, heri ibaki nusu gofu. Bagamoyo una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Vijana wake wanajua ngoma za bara na za pwani. Uwanja wa Nyumba ya Misafara ungewafaa. Mafundi wa chokaa wangeweza kufundishia vijana kazi hapo hapo, ukuta mmoja kila mwaka, wala isiwe haraka. Wanyamwezi na Wazaramo wangeitwa watukanane uwanjani kwa desturi yao, na wanafunzi wakasikiliza.

Na hata mzigo mashuhuri kuliko yote uliowahi kutua Bagamoyo ungepata maelezo yake ya haki. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili wake ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874, baada ya safari ya miezi yapata tisa. Waliouleta ni Susi, Chuma na wenzao, wake kwa waume. Hakuna Mzungu aliyewaongoza walipokata shauri la kuondoka. Walikata shauri wenyewe, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa nguo ili usitambuliwe njiani, wakaubeba. Mnara ulioupokea usiku mmoja una kibao chake. Waliokuwa wameubeba miezi tisa nao walilala mahali fulani mjini usiku ule.

Tungependa, kazi ikianza, jambo la kwanza liwe paa na mifereji ya maji. La pili lisiwe na gharama: mlangoni uwekwe mzigo wa merikani, umefungwa kwa kamba na mkeka kama ulivyofungwa zamani, wenye uzito wa kilo 30 kamili, na kila mwanafunzi aingiaye aruhusiwe kuujaribu begani, atembee nao hatua 100 mpaka ukuta wa pili, autue.